Maina Wawili wa Burnt Forest

Wasomi wa dini na mila hupenda kutuonyesha jinsi India na Japani zinavyofanana. Hutueleza kwamba Saraswati, mungu wa kike ambaye Wahindi humwomba baraka za elimu na muziki, ndiye yule ambaye Wajapani humwita Benzaiten. Aidha, ibada ya kuteketeza sadaka motoni, iitwayo homa kwa Kisanskriti, hufanywa pia katika mahekalu ya Japani kwa jina la goma. Mambo hayo yalisafiri pamoja na dini ya Kibudha, ambayo ilipitia Uchina na Korea na kufika Japani katika karne ya 6. Umbali wa nchi na bahari haukuyazuia.

Mwanafunzi asikiapo habari hizo hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu. Lakini iwapo mwanafunzi huyo anasomea Burnt Forest, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, basi kuna ajabu nyingine iliyo karibu naye zaidi. Ajabu hiyo imekaa naye dawati moja, na huenda hakuna aliyewahi kumweleza.

Katika sehemu hii ya Uasin Gishu, Wakalenjin na Wakikuyu wamekuwa majirani tangu enzi za walowezi. Ujirani huo uliongezeka baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya wazungu yalipogawanywa au kununuliwa. Huuziana viazi, mahindi na maziwa katika soko moja. Hata hivyo, mwishoni mwa 1992 majirani hao walichomeana nyumba, na maelfu wakakimbilia makanisani na penye vituo vya polisi. Balaa hilo likarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipoenea nchini na kuua watu zaidi ya 1,100. Mara zote mbili palikuwa na wale waliodai kwamba jamii hizi ni maji na mafuta, na kwamba hazikuumbwa kukaa pamoja.

Hebu tuyachunguze madai hayo.

Tuanze na rika. Wakalenjin huwagawa wanaume katika marika saba au manane, kwa kutegemea jamii, na majina ya marika hayo huzunguka na kurudi baada ya miaka mia moja hivi: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, na kwa baadhi yao Korongoro. Wakikuyu nao hulitumia neno riika, ambalo ni ndugu wa rika letu la Kiswahili. Waliotahiriwa msimu mmoja hupewa jina moja, kama vile vijana wa 1940 walioitwa Forty. Juu ya marika hayo palikuwa na vizazi viwili vilivyopokezana uongozi, navyo ni Maina na Mwangi. Mwalimu, tazama jina hilo la kwanza. Maina wa Mnandi na Maina wa Mkikuyu wanaitika jina moja, ingawa lugha moja ni ya Kiniloti na nyingine ya Kibantu. Majina hayaruki mipaka ya lugha yenyewe. Hubebwa na watu waliokaa pamoja.

Tuje kwenye majina ya watoto. Mkikuyu humwita mwanawe wa kwanza wa kiume kwa jina la babu mzaa baba, na binti wa kwanza kwa jina la nyanya mzaa baba. Kwa desturi ya Wanandi na Wakipsigis, wazee waliokwisha kufa hutajwa mmoja mmoja mbele ya mtoto mchanga mpaka apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo lake. Njia ni mbili, lakini imani ni moja: mzee hafi kabisa maadamu yupo mtoto wa kuitika jina lake.

Na sala je? Mzee wa Kinandi wa kale aliamka alfajiri akaelekea mashariki, jua linakochomoza, akamwomba Asis. Mzee wa Kikuyu alielekea Kirinyaga akamwomba Ngai, jina ambalo lina udugu na Enkai wa Wamaasai. Penye ugomvi, mmoja alikwenda kwenye baraza la kokwet, mwingine kwenye kiama. Katika mabaraza yote mawili wazee waliketi na kusema kwa zamu mpaka neno likapatikana.

Msomaji atauliza: ikiwa wanafanana hivyo, mbona walipigana? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lisifichwe. Kufanana hakuzuii vita. Ndugu wa tumbo moja hugombania mpaka wa shamba. Ugomvi wa Burnt Forest ulihusu ardhi na kura, wala suluhu yake haitapatikana katika ngano za mababu. Lakini mchochezi hakuwaambia vijana kwamba wanagombania hatimiliki. Aliwaambia kwamba jirani yao ni mgeni wa asili, mtu wa desturi zisizopatana na zao. Uongo huo ulimea kwa sababu haukukuta maarifa ya kuupinga.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Hahitaji kitabu kipya wala ruhusa ya wizara. Awaagize wanafunzi wake wote swali moja la kwenda nalo nyumbani: jina langu nimerithi kwa nani, na babu yangu alikuwa wa rika gani? Majibu yasomwe darasani kwa sauti, la Kiplagat baada ya la Kamau. Huenda Maina wawili wakakutana hapo, na siku atakapokuja mtu kuwaambia kwamba hawana lolote la kushirikiana, watakuwa na la kumjibu.