Kuweka maandishi katikati (C)

Kuweka maandishi katikati katika lugha ya programu C ni kupanga maneno yanayochapishwa kwenye skrini ya amri ili nafasi tupu za kushoto na kulia zilingane. Kwa kawaida `printf` husukuma maneno kulia (`%20s`) na kwa alama ya kutoa huyaanzisha kushoto (`%-20s`). Alama ya katikati haipo; mwandishi wa programu hana budi kupiga hesabu mwenyewe.

Tuchukue orodha ya kata za Wilaya ya Kilwa, yenye safu ya nafasi 20:

    char s[64];
    int n = snprintf(s, sizeof s, "Kata ya %s", jina);
    int kushoto = (20 - n) / 2;
    int kulia = 20 - n - kushoto;
    printf("|%*s%s%*s|\n", kushoto, "", s, kulia, "");

`snprintf`, iliyoingia katika sanifu ya mwaka 1999, huunda maneno kwanza na kurudisha urefu wake. Nyota katika `%*s` humaanisha kwamba upana utatajwa baadaye. "Kata ya Miteja" ina urefu wa 14, hivyo hupata nafasi 3 kila upande. "Kata ya Chumo" ina 13: zinabaki 7, na kwa kuwa C hutupa nusu, kushoto huenda 3 na kulia 4.

"Kata ya Kivinje Singino" ina 23, yaani inazidi safu. Hapo hesabu hutoa -1 na -2, lakini `printf` husoma upana hasi kama amri ya kuanzia kushoto, hivyo huongeza nafasi 3 badala ya kuziacha. Ni lazima namba hasi zigeuzwe kuwa 0 kabla ya kuchapisha.

Kosa gumu zaidi kulitambua ni kwamba urefu huhesabiwa kwa baiti, si kwa herufi. Neno *ng'ombe* likiandikwa kwa kistari kilichonyooka lina baiti 7. Likinakiliwa kutoka programu ya kuandikia iliyoweka kistari kilichopinda (’), katika UTF-8 huwa na baiti 9, ingawa kwenye skrini ni nafasi 7 zilezile. Mstari wa kulia wa jedwali hurudi nyuma nafasi 2. Kiswahili cha herufi za Kiarabu huathirika zaidi, maana karibu kila herufi ni baiti 2.

Kwenye mifumo ya POSIX, upana halisi hupatikana kwa kuita `setlocale`, kisha `mbstowcs` na `wcswidth`.