Reishi, uyoga mchungu wa China unaopendwa Ulaya: unaponyesha kweli?

Ukiingia leo katika famasi ya Ujerumani, ama katika duka la vyakula vya afya kule Ubelgiji na Ufaransa, utakuta visanduku vimeandikwa "reishi". Ndani kuna vidonge, unga, ama kahawa iliyochanganywa. Reishi ni jina la Kijapani, Wachina wanasema lingzhi, na wataalamu wanasema ganoderma. Ni uyoga. Na bidhaa zake zinafika hata katika miji yetu, hasa ile kahawa ya ganoderma ambayo watu wa biashara ya mtandao wanatembeza nyumba kwa nyumba. Ju ya hiyo tumeona vizuri kuwaelezea wakaaji uyoga huu ni kitu gani.

Usifikirie uyoga wa kupika na kula na bugali. Reishi ni mgumu kama ubao, unang'aa juu kama umepakwa vernis, na rangi yake ni nyekundu inayoelekea kahawia. Unaota kwenye miti iliyokufa ama iliyo karibu kufa. Wachina wanaukata vipande vyembamba, wanachemsha kwa muda mrefu, kisha wanakunywa maji yake, machungu sana. Wenye mashamba ya michikichi pengine wamekwisha kuona ndugu zake: kuna aina za ganoderma zinazoozesha mti wa mawese kuanzia chini mpaka unaanguka.

Kule China, kitabu cha kale cha dawa kinachoitwa Shennong Bencao Jing, cha karibu miaka 2000 iliyopita, kiliuweka katika kundi la juu: dawa ambazo mtu anaweza kunywa siku nyingi ili apate nguvu na maisha marefu. Ulikuwa haba porini, basi ukawa kitu cha wakubwa. Hata katika hadithi yao ya Nyoka Mweupe, mke anakwenda mlimani kuuiba ili amfufue bwana yake. Mambo yalibadilika miaka ya 1970, Wajapani walipofaulu kuulima kwa wingi. Leo China inaulima kwenye magogo na katika mifuko ya vumbi la mbao, na ndivyo ulivyoweza kujaa masoko ya mbali.

Kitu cha kushangaza ni kwamba Ulaya nayo ina ganoderma yake porini. Jina Ganoderma lucidum lilianzia kwa uyoga wa Uingereza, ambao William Curtis aliuandika mwaka 1781. Kwa miaka mingi wataalamu waliita hata ule wa Asia jina hilohilo. Ni mwaka 2012 tu watafiti wa China walionyesha kwamba ule wanaolima ni aina nyingine, wakauita Ganoderma lingzhi. Visanduku vingi bado vinaandika lucidum.

Sasa, unaponyesha? Ndani yake kuna beta-glukani, na kuna triterpeni, ambazo ndizo zinaleta ule uchungu. Katika maabara vitu hivyo vinaonekana kuamsha chembe za kinga ya mwili. Lakini chembe ndani ya kichupa si mgonjwa kitandani. Cochrane, kundi la kimataifa la watafiti wanaochambua majaribio ya dawa, mwaka 2015 liliangalia majaribio 5 yenye watu 398, wengi wao wagonjwa wa sukari. Jibu lao: hakuna ushahidi wa kuunga mkono reishi kwa kupunguza sukari, tansio ama mafuta ya damu.

Kuhusu kansa, kundi hilohilo mwaka 2016 lilisema ushahidi hautoshi kuufanya uyoga huu kuwa matibabu ya kwanza. Wagonjwa waliouongeza juu ya dawa za hospitali walionekana kuitikia matibabu vizuri zaidi kidogo, lakini majaribio yalikuwa madogo na yenye kasoro. Angalia neno hilo vizuri: juu ya dawa za hospitali. Hawakuacha dawa.

Ulaya, sheria ya mwaka 2002 inakataza kuandika kwenye chakula cha nyongeza kwamba kinazuia ama kinaponyesha ugonjwa. Ndiyo maana ukipokea kisanduku kutoka kwa ndugu aliye Bruxelles, utasoma "complément alimentaire", hutasoma "médicament". Hapa kwetu maneno ya uponyaji yanasemwa kwa mdomo, na mdomo hauna etiketi. Mwenye sukari akiambiwa aache vidonge vyake ili anywe kahawa ya uyoga, sukari haitamngojea.

Anayekunywa warfarini, ile dawa ya kufanya damu isigande, ama anayengojea opereshoni, amwambie munganga kwanza, kwani reishi inaweza kuongeza kutoka damu. Wagonjwa wachache waliokunywa unga wake waliandikwa kuwa maini yao yaliumia. Tena huwezi kuwa na hakika ya unachonunua: watafiti walipima bidhaa 19 za reishi zilizopatikana Marekani na kutoa matokeo mwaka 2017, na ni 5 tu zilizokuwa na kile kilichoandikwa.

Na kwa yule anayewaza kwenda kuokota ganoderma za pori letu: ziko aina nyingi, zinafanana, na tumeona namna hata wataalamu walivyozichanganya kwa zaidi ya miaka mia. Zile zilizopewa wagonjwa katika majaribio hazikutoka kwetu.