Dakika 20 za Wembley

Ijumaa zamu zikiisha, madereva watatu wa basi hapa London tunakaa chumba cha chai, na swali ni lilelile: wiki hii unasikiliza nini?

Mwenzetu mmoja amerudi kwa bendi ya Black Sabbath. Anashikilia kwamba uzito wa gitaa la Tony Iommi ulitoka kiwandani: mashine ilimkata ncha za vidole viwili, akajitengenezea kofia za plastiki na kulegeza nyuzi zisimuumize. Mimi ni wa Queen, tena kwa upendeleo, maana mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa kwetu Unguja mwaka 1946. Nyumbani nilikulia kwenye taarabu. Roki nimeijulia ukubwani, kwenye baridi.

Ila mzee wetu akianza, sote kimya. Yeye alikuwepo uwanja wa Wembley tarehe 13 Julai 1985, kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Watu wapatao 72,000, wamesimama tangu mchana. Queen walipanda jioni kwa dakika kama 20 tu. Freddie, nusu ya stendi ya maikrofoni mkononi, anatupa sauti, uwanja mzima unaitikia, kama ngoma ya kwetu. Ulipofika wimbo wa Radio Ga Ga, mikono yote ikapaa na kupiga makofi kwa pamoja.

“Freddie mwenyewe ulimwona, mzee?” nilimuuliza.

“Nimwone wapi! Mbele yangu lilikuwa jitu lenye mabega kama kabati. Lakini makofi niliyapiga.”