Tuta Absoluta: Kwa Nini Dawa Pekee Haitoshi Kuokoa Nyanya

Mkulima hupulizia nyanya dawa, kisha baada ya wiki moja hukuta majani yana mabaka yanayokauka na matunda yametobolewa. Mara nyingi lawama huiangukia dawa. Hata hivyo, jibu limo katika maisha ya mdudu mwenyewe.

Tuta absoluta ni nondo wa kijivu mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7. Asili yake ni Amerika Kusini. Aliingia Uhispania mwaka wa 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameripotiwa nchini Kenya. Wakulima wa Tanzania humwita kantangaze.

Mchana nondo hujificha katikati ya majani. Hupandana, na usiku hutaga. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, mengi yakiwa upande wa chini wa majani. Baada ya siku 4 hadi 6 hivi, mayai huanguliwa. Kiwavi hutoboa jani na kula nyama yake kati ya ngozi ya juu na ya chini. Akiwa humo, dawa inayobaki nje ya jani haimfikii. Akishakua, baada ya wiki mbili hivi, kwa kawaida hushuka na kugeuka pupa udongoni. Takriban siku 10 baadaye, nondo mpya hutokea.

Mzunguko huu huchukua karibu mwezi mmoja, hivyo vizazi 10 hadi 12 vinaweza kupatikana kwa mwaka. Asipodhibitiwa, mdudu huyu anaweza kuharibu asilimia 80 hadi 100 ya mavuno.

Ili kuukata mzunguko huo, wakulima wanashauriwa:

• Kukagua miche na majani, hasa upande wa chini, angalau mara mbili kwa wiki.

• Kuchuma majani na matunda yaliyoathirika na kuyafukia kwa kina, badala ya kuyatupa kando ya shamba.

• Kuweka mitego yenye harufu inayovutia nondo dume, juu ya beseni la maji yenye sabuni.

• Kutopanda viazi, biringanya au mnavu (managu) baada ya nyanya, kwani mdudu huishi humo pia. Mahindi, vitunguu na kabeji zinafaa.

• Kubadilisha aina za dawa ili mdudu asizizoee, na kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Mkulima anayeona dalili hizi amwone afisa wa kilimo wa wadi yake mapema, na awajulishe majirani. Nondo huruka, na shamba moja lisilotunzwa huambukiza mengine.