Je, Wajua? Ndizi za Bujumbura Hushuka Mlima kwa Baiskeli

Je, wajua kwamba kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mwendo wa kilomita 35 hivi, barabara kuu ya RN1 ya Burundi huteremka zaidi ya mita 1,200? Bugarama iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na ushee. Vijana wa baiskeli huteremka kona baada ya kona na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa yaliyofungwa nyuma kwa kamba za mpira. Breki zikizidiwa, hukandamiza tairi kwa soli ya kiatu. Kupanda ndiko kwenye hatari zaidi: hushika nyuma ya lori kwa mkono mmoja wakavutwa hadi juu. Wapo waliokufa hivyo, na watu hawa wanaolilisha jiji wanastahili njia yao pembeni mwa lami.

Huko juu kuna msitu wa Kibira, uliopakana na Nyungwe wa Rwanda. Mvua inayonyesha magharibi ya safu hiyo ya milima huteremkia Rusizi na Tanganyika, hatimaye mto Kongo. Ya mashariki huingia Ruvubu, kisha Kagera, ikaelekea Nili.