Video Inapokwama Kwenye Kompyuta Dhaifu

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mmetuuliza kwa nini video ya somo hukwamakwama, sauti ikatangulia na picha ikabaki nyuma, ilhali faili ni zima. Kabla mzazi hajaingia gharama ya kompyuta mpya, tuelewe sababu.

Picha moja ya video ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kila sekunde hupita picha 25 au zaidi. Zote zimebanwa, na prosesa ndiyo huzifungua. Mbano wa H.265, wa mwaka 2013, ni mzito kufunguliwa kuliko H.264 ya mwaka 2003.

Fanyeni hivi kwa utaratibu:

1. Fungeni programu nyingine zote.
2. Nakilini faili kutoka kwenye flashi hadi diski ya kompyuta.
3. Tumieni VLC, ambayo ni ya bure, na katika mipangilio yake ruhusuni kadi ya picha isaidie kufungua video.
4. Zimeni kompyuta, msafishe feni. Vumbi la kiangazi hapa Dodoma huziba hewa, na prosesa ikipata joto sana hupunguza kasi.
5. Ikishindikana, geuzeni faili kwa HandBrake liwe H.264 ya 1280 kwa 720. Nukta hubaki 921,600, chini ya nusu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, hivyo ianzeni usiku.

Faili la asili msilifute mpaka mmetazama nakala mpya hadi mwisho.