Uliza Saa Kabla ya Kuuliza Nani

Simu ya aina hii huingia kabla jua halijachomoza. Mkulima wa Kimilili, au wa Endebess kule juu ya Kitale, ameamka kukamua ng'ombe, akapitia bwawani, akakuta maji yamefunikwa na matumbo meupe. Perege waliokuwa wakigombania chakula jana jioni wanaelea kwa mamia. Salamu zikiisha, neno linalofuata karibu kila mara ni lile lile: "Daktari, kuna mtu ametia sumu."

Ninaelewa uchungu wake. Miezi sita ya pumba na ya kufukuza kenge imeishia kuelea. Lakini humwomba asitaje jina la mtu kwanza, kwa sababu jina likishatoka kinywani halirudi, na majirani wanaochota maji mfereji mmoja huweza kumaliza miaka bila kusalimiana. Namuuliza swali jingine: wamekufa saa ngapi?

Mita moja ya ujazo ya hewa ya Kitale ina zaidi ya gramu 200 za oksijeni. Ujazo huo huo wa maji, hata yakiwa safi na yameshiba, una gramu 7 hivi. Samaki wetu wanaishi kwenye umaskini wa pumzi ambao sisi hatuujui. Mwinuko nao unazidisha: Bungoma mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900, na kadiri tunavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji kushika oksijeni kidogo. Maji ya Kitale hushika karibu moja ya tano pungufu kuliko ya Mombasa yenye joto lile lile. Baridi ya Kitale hufidia sehemu ya hasara hiyo, maana maji baridi hushika oksijeni zaidi, lakini akiba inabaki ndogo.

Akiba hiyo huletwa hasa na ule ukijani wa maji. Ni mwani, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana unatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na ndiyo maana bwawa la kijani saa tisa alasiri linaweza kuwa na oksijeni kupita kiasi. Jua likizama, utengenezaji unakoma, ila kupumua hakukomi: mwani wenyewe unapumua, samaki wanapumua, na bakteria wanaoozesha samadi na mabaki ya chakula kwenye matope nao wanapumua. Usiku kucha akiba inaliwa bila kuongezwa. Saa kumi na moja alfajiri, muda mfupi kabla ya mapambazuko, ndipo inapofika chini kabisa. Perege ni mvumilivu. Chini ya miligramu 3 za oksijeni kwa lita hakui vizuri, lakini anaishi. Ikikaribia miligramu 1 anapanda juu na kuanza kutweta, akivuta ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Ikishuka zaidi na kubaki hapo, anakufa.

Kwa hiyo, jana jioni walikuwa wazima na alfajiri wamekufa kwa pamoja: mshukiwa wangu wa kwanza ni bwawa lenyewe.

Shahidi mzuri kuliko wote ni kambale, yule anayeitwa mumi upande wa ziwani. Juu ya matamvua ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Oksijeni ya bwawa ikiisha, yeye hupanda, akameza hewa, akarudi chini. Ukikuta perege wote wamelala chali na kambale wawili watatu wanazunguka chini yao, umepata jibu ambalo maabara ingechukua siku kulitoa. Tazama pia ukubwa. Uhaba wa oksijeni kwa kawaida huanza na samaki wakubwa, ukawaacha wadogo wakihangaika ukingoni. Sumu huwa kali zaidi kwa wadogo.

Kwa nini leo, wakati bwawa limekuwa la kijani miezi yote? Uliza hali ya anga. Mawingu ya Julai yakikaa siku mbili tatu, mwani hautengenezi vya kutosha mchana, na usiku unaingia na deni. Wakati mwingine mwani wenyewe unakufa kwa wingi: maji yaliyokuwa kijani yanageuka kahawia au kijivu na kutoa harufu, na kuoza kwake kunamaliza kilichobaki. Mvua kubwa ya jioni nayo ina hatari yake. Maji yake baridi ni mazito, huzama, na kuyainua ya chini ambayo hayajaonja hewa kwa muda. Ziwa Victoria lenyewe halikwepi jambo hili. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi eneo la Ogal, Kisumu, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ikaeleza kuwa maji ya chini yenye oksijeni haba yalikuwa yamepanda juu.

Mabwawa mengi ya huku yana mzizi wake mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi na kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, kila moja mita 300 za mraba. Nauheshimu mpango ule, maana ulimfikisha perege kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuona wavu. Lakini somo la kurutubisha maji kwa samadi liliingia vichwani kuliko somo la kuacha. Ukiongeza pumba za mahindi na machicha ya busaa yanayomwagwa kwa ndoo, unalisha bakteria kuliko samaki. Pima kwa mkono wako: uzamishe ukiwa umenyooka, na kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Simamisha samadi, punguza chakula.

Sumu ipo, sikatai. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia kwenye mahindi yetu mwaka 2017, mabomba ya kunyunyizia dawa yamekuwa mengi, na dawa za jamii ya pairethroidi, zinazotumika pia kuua kupe, ni kali mno kwa samaki hata zikiwa chache. Ila sumu haichagui saa, na ina mashahidi wake. Viluwiluwi, wadudu wa majini na kambale hufa pamoja na perege. Samaki walio hai huogelea kwa kuzungukazunguka, wakiruka kama waliochomwa. Fuata mfereji uone nani alinyunyizia na mvua ilinyesha lini, na uanze na shamba lako. Bomba lililosuuzwa kwenye mfereji unaoingia bwawani huwa wakati mwingine la mwenye bwawa mwenyewe.

Wakifa alasiri jua likiwaka, nafikiria amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza. Bwawa la kijani likipigwa na jua, asidi ya maji hupungua, yaani pH yake hupanda. Katika nyuzi joto 25 na pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki hata moja kwa mia. pH ikifika 9 inapita theluthi.

Alfajiri hiyo ya msiba, fungua maji mapya yaanguke kutoka juu, au chukua pampu uyavute ya bwawani na kuyarusha hewani yarudi. Usilishe. Kabla hujazika waliokufa, jaza maji chupa safi hadi pomoni, uifunge ikiwa ndani ya maji, na umweke kwenye barafu samaki anayekata roho, maana aliyeoza hasemi kitu maabara. Kisha mpigie afisa wa uvuvi wa kaunti. Usiuze wala kula hata mmoja mpaka sababu ijulikane.

Na kama bwawa lako bado liko salama, kesho saa kumi na moja alfajiri chukua tochi uende ukingoni taratibu. Mulika. Perege wakitawanyika kwa kishindo, rudi ukalale. Wakibaki pale pale juu, midomo ikifunguka na kufunga, usingoje kuche.